Ajali hii ina kinga

Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani

Ndugu msikilizaji, tunapozungumza juu ya ajali za magari katika nchi yetu, karibu kila mara tunazungumza juu ya magari yanayokwenda. Tunalaumu mwendo wa kasi, tunalaumu ulevi, tunawalaumu madereva wanaoyapita magari mengine kwenye kona. Ni haki yetu kulaumu. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya gari lililosimama. Injini imezimwa, magurudumu yamewekewa mawe mbele na nyuma, na dereva yuko kibandani anakunywa chai. Na bado gari hilo linaweza kuua.

Linaua kwa gurudumu lake. Kijana wa pancha ameinama juu ya tairi la lori, anajaza upepo, na ghafla pete ya chuma inayolishikilia tairi hilo inachomoka kama risasi. Aliyekuwa ameinama hana nafasi hata ya kupepesa jicho. Watu wanakimbilia, wanashika vichwa, kisha mzee mmoja anatamka maneno tuliyoyazoea: "Ajali haina kinga." Na wote wanaitikia kwa kichwa.

Mimi leo nauleta msemo huo mbele yenu tuupime. Zipo ajali ambazo kweli hazina kinga. Hii ninayoisema kinga yake imejulikana miaka mingi, ni ya bei nafuu, na mafundi wa Moshi wanaweza kuiunda wenyewe. Kwa hiyo anayekufa kwa pete ya rimu hakuuawa na bahati mbaya. Ameuawa na jambo ambalo tulilijua tukaliacha.

Kwanza, kwa nini niwasemeshe watu wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro? Kwa sababu gari la jeshi si mgeni katika mlima huu. Mwezi Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza na washirika wake chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Moshi yakitokea upande wa Taveta, na nyuma yake yakaja malori, ng'ombe na maelfu ya wapagazi. Vita vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yalibaki na magari mengi yasiyokuwa na kazi, na raia wakayanunua. Hapa kwetu Tanganyika, mpango mkubwa wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulitumia matrekta ya mitumba ya jeshi yaliyotoka mpaka Ufilipino, pamoja na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Katika miaka ya 1970 na 1980 yakaja malori ya Bedford yaliyostaafu jeshini Uingereza, yakageuzwa kuwa magari ya watalii waliokuwa wakilivuka bara zima la Afrika. Na wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, mambo yaligeuka upande wa pili: malori ya raia ndiyo yaliyoitwa kwenda kuhudumia jeshi.

Siku hizi kuna na wapenzi wa magari ya zamani. Oktoba 2024 jirani zetu wa Arusha walikusanya mamia ya Land Rover mahali pamoja, nyingine kongwe kuliko madereva wake. Mimi siwacheki. Gari lililotengenezwa kwa chuma cha kweli na likatunzwa, ni mali. Lakini mwenye kulipenda gari la kale anapaswa kujua na tabia zake za kale, na tabia ya kwanza iko katika magurudumu.

Rimu ya gari dogo la leo ni kipande kimoja cha chuma. Tairi lake ni laini kiasi, fundi hulisukuma kwa mashine likaingia. Tairi la lori la zamani ni gumu, zito, na lina tyubu ndani. Askari aliyepata pancha porini, usiku, hana mashine, angelivishaje tairi la namna hiyo kwenye rimu ya kipande kimoja? Kwa hiyo wahandisi wakaigawa rimu. Wakatengeneza mwili wa rimu ambao upande mmoja hauna ukingo, tairi likateleza na kuingia kwa urahisi. Kisha wakatengeneza ukingo wa kuvalishwa pembeni. Na mwisho pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, inayopanuka kidogo, ikaingia katika mfereji mwembamba na kulibana tairi lisitoke. Kazi yote inafanyika kwa mtaimbo na mikono miwili. Ni ubunifu mzuri. Malori ya kiraia ya zama hizo, akina Bedford, Leyland na Isuzu, yaliyobeba kahawa na ndizi za mlima huu, nayo yalitumia rimu za ukoo huo huo. Hata matela ya matrekta yanazo.

Sasa sikilizeni hesabu. Tuseme tairi la lori limejazwa upepo wa ratili 80 kwa kila inchi moja ya mraba. Inchi moja ya mraba ni eneo dogo, kama stempu kubwa ya barua. Juu ya kila stempu hiyo upepo unasukuma kwa uzito wa kilo 36. Hesabuni basi stempu ngapi zinaingia katika ubavu mzima wa tairi la lori. Ukijumlisha, nguvu inayousukuma ukingo wa rimu utoke nje inazidi tani 10. Kwa lugha ya hapa nyumbani, ni kama magunia zaidi ya 160 ya kahawa, ya kilo 60 kila moja, yote yameegemea kipande kile cha chuma. Na kinachoyazuia ni pete nyembamba iliyokaa katika mfereji ambao kina chake hakifiki kimo cha kucha ya kidole gumba.

Mfereji ukiwa safi na pete ikiwa yake halisi, magunia hayo yatakaa pale mwaka mzima bila shida. Mfereji ukijaa kutu, au pete ikiwa imepinda, magunia yote yanaondoka kwa mara moja. Wamarekani, ambao nao walizika watu wengi kwa rimu za namna hii, walizipachika jina la watengeneza wajane.

Iko na aina ya pili, nayo ni ya kijeshi hasa. Rimu yake imegawanywa katikati kama maandazi mawili yaliyobandikwa, kisha nusu hizo zimefungwa pamoja kwa duara la nati. Utaiona katika malori ya Vita vya Pili na katika baadhi ya Land Rover zilizotumikia jeshi. Gurudumu hilo lina madaraja mawili ya nati. Nati za ndani, zilizo karibu na kitovu, zinalishika gurudumu kwenye gari. Nati za nje zinazishika nusu mbili zisiachane. Ukitaka kulitoa gurudumu, unafungua za ndani. Ukikosea ukafungua za nje hali tairi lina upepo, umefungua mlango wa nyumba yenye simba.

Jeshi la Uingereza lililijua hilo, likatoa dawa rahisi kabisa: nati za hatari zilipakwa rangi nyekundu. Askari aliambiwa nyekundu haiguswi mpaka upepo wote umetoka. Sasa, ndugu msikilizaji, gari hilo limestaafu, limeuzwa mara tano, limepigwa rangi ya kijani, ya bluu, ya maziwa, na matope ya miaka 60 yamepita juu yake. Rangi nyekundu imebanduka, hatari yake imebaki. Kijana wa leo aliyeletewa gurudumu hilo anaona nati tu, na spana yake inaingia kote kote.

Nimesema nitazungumza na watu wa mlimani, na ninayo sababu. Mlima wetu unazichosha rimu kuliko nchi tambarare. Kutoka mjini Moshi, penye mwinuko usiofika mita 1,000, hadi lango la Marangu, ni kupanda karibu mita 1,000 nyingine. Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Lori lenye uzito wa tani 10, likishuka mita 1,000 kwa kutegemea breki peke yake, linatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya pipa zima la maji la lita 200. Joto hilo linakwenda wapi? Linaingia katika madramu ya breki, na dramu limekaa ndani ya tumbo la rimu. Rimu inapata moto, tairi linapata moto, upepo wa ndani unatanuka. Dereva anafika Himo, anagusa tairi, analiona gumu kama jiwe, anamwita kijana: "Punguza upepo!" Kijana anapunguza. Tairi likishapoa, upepo uliobaki ni pungufu. Kesho yake lori linapanda tena likiwa na tairi legevu, ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kila mkunjo unaitikisa pete katika mfereji wake. Tairi la moto halipunguzwi upepo. Linaachwa lipoe.

Adui wa pili wa mlimani ni maji na udongo. Mvua za masika tunazijua. Udongo wetu unaootesha migomba na kahawa ndio huo huo unaojipenyeza kati ya pete na rimu, unakaa pale na unyevu wake, na chini yake kutu inakula chuma polepole. Kwa nje rimu imepakwa rangi na inang'aa. Ndani imekuwa kama mkate uliotoboka.

Adui wa tatu ni uhaba wa vipuri. Rimu za magari haya hazitengenezwi tena kwa wingi. Mwenye gari anakwenda kwa wauza vyuma chakavu, anapata rimu hapa na pete pale. Anazipima kwa macho: duara hili na duara lile, yanalingana. Lakini pete za viwanda mbalimbali hazikuumbwa kukaa katika mfereji mmoja, hata kama upana wake ni sawa. Tofauti ya unene wa shilingi inatosha. Pete isiyo yake inaweza kukaa, ikasafiri mpaka Tanga na kurudi, halafu siku moja, wakati wa kujazwa upepo, ikakumbuka kwamba pale si kwao.

Hebu tumsikilize kijana wa pancha na mteja wake. Mazungumzo yao, kwa kawaida, huwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Niwahishie hilo tairi, ndizi zangu zinaiva juu ya gari."

"Mzee, hii rimu ina kutu nyingi. Na pete naiona kama si yake."

"Pete hiyo nimetembea nayo miaka mitatu. Wewe ziba pancha, mambo ya pete niachie mimi."

Kijana anyamaze afanye nini? Mzee ni mzee, na mteja akiondoka, jirani yake wa kibanda cha pili atamchukua. Anaziba pancha, analivisha tairi, anaipachika pete, anafungulia kompresa. Pete inakaa upande mmoja, upande wa pili imejiinua kidogo. Anachukua nyundo. Anagonga huku upepo unaingia. Ndugu msikilizaji, hapo ndipo kaburi linapochimbwa. Tairi lenye upepo si ngoma, halipigwi. Pete iliyokataa kukaa inawaambia watu kwamba kuna kasoro, na jibu la nyundo ni kumziba mdomo anayetoa onyo.

Liko na kosa la moto. Nati imeshikwa na kutu, haifunguki, fundi anawasha gesi na kuichoma hali tairi liko mahali pake. Au rimu imepata ufa, analetwa mchomeleaji aizibe bila kulivua tairi. Mpira ukipata moto mkali kwa ndani unatoa gesi zinazoweza kuwaka na kulipuka, hata kama tairi lilikwisha kutolewa upepo. Hata rimu iliyochomelewa ikiwa tupu si ya kuaminiwa. Rimu yenye ufa haina tiba, dawa yake ni kukatwa vipande ili asije mwingine akaiokota jalalani akairudisha barabarani. Na wale wanaomwaga petroli ndani ya tairi na kuiwasha ili ukingo uruke ukae mahali pake, hao nawaombea tu kwamba watoto wao wasiwe karibu.

Sasa niwaeleze kinga. Mwaka 1980 serikali ya Marekani, baada ya kuona vifo vya mafundi, ilitunga kanuni maalumu kwa ajili ya rimu za vipande vingi. Kanuni hizo si elimu ya siri. Ukizisoma utakuta ni mambo ambayo mtu yeyote mwenye kibanda anaweza kuyafuata. Nayasema kwa utaratibu, na mwenye kalamu aandike.

Jambo la kwanza ni upepo. Tairi lililokwenda likiwa na upepo pungufu sana, au lenye dalili ya kuharibika, linatolewa upepo wote kabla gurudumu halijafunguliwa kwenye gari. Wote, si nusu. Kuubonyeza mdomo wa valvu mpaka usikie umeacha kulia hakutoshi. Unang'oa kile kijipini cha ndani, kisha unapitisha waya mwembamba kuhakikisha mdomo haukuziba kwa matope. Kama ni magurudumu pacha ya nyuma, unatoa upepo wa yote mawili, hata kama lililoharibika ni moja. Kwa rimu zile za maandazi mawili, mimi ningesema usishike spana kabisa mpaka tairi limelegea kama kitambaa.

Jambo la pili ni ukaguzi. Vipande vyote vinasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Vinatazamwa kwenye mwanga. Ufa, mpindo, kutu iliyokula mfereji, ncha za pete zilizopandana, chochote katika hivyo kinatosha kukataa kazi. Alama za kiwanda zilizogongwa kwenye rimu na kwenye pete zinasomwa na kulinganishwa. Visivyojulikana kuwa ni vya pamoja havifungwi pamoja.

Jambo la tatu, na hili ndilo kubwa, ni tundu la chuma. Ni kitu kama kitanda cha mabomba kilichosimama wima, gurudumu linaingia ndani yake kabla ya kujazwa upepo. Pete ikichomoka inagonga mabomba, haigongi kifua cha mtu. Mafundi wa kuchomelea wa Moshi, wanaotengeneza mageti na mabodi ya malori, hawashindwi kuliunda. Ila liwe la mabomba mazito na limechomelewa sawasawa. Tundu la nondo nyembamba ni baya kuliko kukosa tundu, kwa sababu linampa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao.

Jambo la nne ni mahali pa kusimama. Mpira wa kompresa uwe mrefu, kichwa chake kiwe cha kujibana chenyewe kwenye valvu, na geji iwe mbali na gurudumu. Fundi anasimama upande wa kashata zinazokanyaga barabara, hasimami mbele ya pete, na wala hanyooshi mkono kuvuka mbele yake. Anatia upepo kidogo kwanza, anasimama, anatazama kama pete imekaa pande zote. Ikiwa haikukaa, anatoa upepo wote na kuanza upya. Kuanza upya hakumwaibishi fundi.

Najua majibu mtakayonipa. Wa kwanza atasema: "Nimefanya kazi hii miaka 30 bila tundu na sijafa." Ni kweli, baba. Na waliokufa hawakuja kutueleza yao. Hesabu ya walionusurika husemwa na walionusurika peke yao.

Wa pili atasema: "Pancha haichagui mahali. Nimepata pancha Same saa nane za usiku, tundu nitalitoa wapi?" Hilo ni swali la haki. Jibu lake la kwanza ni kutembea na gurudumu la akiba lililojazwa upepo nyumbani, ndani ya tundu, ili porini pawe mahali pa kubadilisha tu na si mahali pa kujaza. Wapo madereva wanaofunga minyororo kuzunguka tairi na rimu, na wapo wanaolisukuma gurudumu chini ya chesisi ya lori. Ni afadhali kuliko mikono mitupu, lakini visihesabiwe kuwa sawa na tundu. Na wale wanaolaza pete iangalie chini wajue kwamba pete ikikosa pa kwenda, gurudumu zima ndilo linaloruka juu, na lenyewe lina uzito wa mtu.

Wa tatu atasema tundu ni ghali. Hapa ndipo penyewe. Ghali kwa nani? Kijana mwenye kibanda cha mabati manne na kompresa ya mkopo, ni kweli, kwake ni ghali. Lakini yule anayemletea gurudumu ana lori. Lori lina magurudumu sita au kumi, na kila gurudumu lina tairi ambalo bei yake mwenyewe anaijua na kuilalamikia. Tajiri anayelipia tairi jipya bila kutetemeka, kisha anashindwa kuchangia mabomba machache ya kumlinda anayelifunga, huyo amekwisha kupanga bei ya roho ya mtoto wa mwenzake, na ameipanga chini ya bei ya mpira.

Sheria hatukukosa. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini kijana wa kando ya barabara hana mkataba, hana tajiri anayejulikana, jina lake halimo katika daftari lolote. Akipona bila jicho, atarudi kihambani kwa wazazi. Kwa hiyo sheria peke yake haitamfikia mpaka sisi tumsogeze karibu nayo.

Napendekeza mambo matatu. Wenye malori na wapenzi wa magari ya zamani waulize swali moja kabla hawajashusha gurudumu kibandani: tundu liko wapi? Fundi akiona wateja watatu wanauliza, wa nne atalikuta. Vyama vya wasafirishaji na halmashauri, ambao wote wanakusanya ada na ushuru, wawakopeshe mafundi wa njia panda kubwa kama Himo na Bomang'ombe tundu moja moja, walilipe kidogo kidogo. Na vyuo vya ufundi vinavyofundisha umakanika visiache somo la rimu za vipande kwa kudhani zimepitwa na wakati. Zimepitwa na wakati viwandani, huku kwetu bado zinapanda mlima.

Na mwenye Land Rover ya jeshi au lori la kale, leo hii jioni, achukue brashi na kopo dogo la rangi nyekundu. Asafishe magurudumu yake. Kama ataona madaraja mawili ya nati, amuulize fundi mzoefu ni zipi zinazozishika nusu za rimu pamoja, na hizo azipake rangi. Kopo moja linatosha magurudumu yote na la akiba. Hajui ni kijana gani, katika mji gani, atakayelishika gurudumu hilo baada yake.

Ndugu msikilizaji, wazee wetu hawakukosea waliposema ajali haina kinga. Walikuwa wanawafariji waliofiwa, na faraja ina mahali pake. Lakini maneno ya faraja matangani hayawezi kuwa kanuni ya kazi gereji. Kabla ya kuyatamka tena juu ya kijana wa pancha, tuulize kwanza kama upepo ulitolewa wote, kama pete ilikuwa yake, na kama palikuwa na tundu.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo.